Nishikie Mguu

Fiurenza aliikumbuka veli wakati jua limeshagusa kichwa cha mlima.

Alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini zimejaa mdomoni, akipandisha pindo la gauni la harusi. Divota, mwenye gauni lake, alikuwa amesimama juu ya kigoda mbele yake, hatulii.

"Tulia, bibi harusi. Nikikuchoma usinilaumu."

"Nichome tu, dada Fiurenza. Labda nitazinduka. Mpaka leo siamini kwamba Jumamosi naolewa na lile jitu la masikio."

"Nakusikia!" Lisandru, mwenye masikio yenyewe, alipaza sauti kutoka uani alikokuwa akipasua kuni.

"Si ndiyo kazi yake hayo masikio?"

Wakacheka. Ndipo Fiurenza akatupa jicho dirishani, akaona mwanga umegeuka rangi ya shaba. Akatema pini kiganjani.

"Veli! Nimeisahau kule mtoni. Ikipigwa na umande tumekwisha."

Veli ile ilikuwa ya mama yake bibi yake Divota, lesi ya kushonwa kwa mkono, nyepesi kiasi kwamba ukiikunja inaenea kwenye ngumi. Asubuhi Fiurenza alikuwa ameifua kwa sabuni ya mafuta ya zeituni. Alipotaka kuianika uani, Mattea, mama yake Divota, akamkataza. Ulikuwa msimu wa kastanja, zile kokwa za kahawia za milimani, na kila nyumba ilikuwa ikizikausha kwa moshi kabla ya kuzisaga unga.

"Itanuka moshi kanisa zima," Mattea alimwambia. "Itandaze kule kivukoni, juu ya vichaka vya rosmari. Kule jua linakaa mpaka jioni."

Basi akaitandaza kule kivukoni.

Nyumba ya Mattea ni nyumba ya shamba inayolaza wageni, ya mawe meusi, pale barabara inapoishia, kusini mwa kisiwa cha Kosika. Kiangazi hujaa watu wa Bara, ng'ambo ya bahari, wanaokuja kula jibini la mbuzi na kulalamikia majogoo. Lakini wiki hiyo Mattea alikuwa amewakatalia wote. Vyumba vilikuwa vimetandikwa vikisubiri ndugu wa harusi. Mgeni pekee alikuwa Fiurenza, fundi wa magauni kutoka Bastia, aliyekuja na gauni kwenye kiti cha nyuma cha gari lake, amelifunga mkanda kama abiria.

Alipitia jikoni. Mattea alikuwa amempa mgongo, anakoroga chungu cha nyama. Karibu na moto, kwenye kiti chake cha mikono, baba mkwe wake Mattea alikuwa amelala, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, blanketi magotini. Mzee Orsantone. Miguu ilimkataa tangu zamani. Kila asubuhi alibebwa kutoka kitandani hadi kitini, na kila usiku alibebwa kurudishwa.

"Nakimbia kuchukua veli, mama Mattea."

"Haya, mwanangu." Mattea hakugeuka. "Fanya haraka."

Njia ya mtoni ilishuka katikati ya miti ya kastanja. Kokwa zilikuwa zinadondoka zenyewe kwenye majani makavu. Tak... Kimya. Tak, tak... Fiurenza alitembea akiimba kidogo, si kwa furaha. Alitaka tu kusikia sauti ya mtu.

Veli ilikuwepo. Nyeupe juu ya kichaka, haijaguswa. Akashusha pumzi, akaanza kuikunja.

Kisha akasikia harufu.

Manyoya mabichi. Tope. Na chini yake kitu kitamu na kizito, kama damu iliyotoka sasa hivi.

Kando ya maji, kwenye kangaga, mtu alikuwa amechutama. Koti la kiwindaji, kofia, mgongo mpana. Mbele yake jike la nguruwe mwitu lilikuwa limelala ubavu, linapiga teke hewani.

Fiurenza hakuogopa nguruwe. Baba yake alikuwa mwindaji, na tangu utotoni alizoea kuona wakichunwa chini ya ngazi ya nyumba. Alifikiri ni jirani aliyepiga mnyama vibaya na sasa anataka kummaliza asiteseke.

Mtu yule hakuinua kichwa. Akanong'ona.

"Nishikie mguu."

Ilikuwa sauti ya mtu anayeomba kupitishiwa chumvi. Fiurenza akaweka veli begani, akapiga magoti, akashika mguu wa nyuma. Ulikuwa wa moto. Ulikuwa unatetemeka. Yule mtu akanyanyua rungu la mti mweusi, akapiga mara moja, pajani.

Mnyama akalia.

Hakulia kama nguruwe.

"Sasa mtazame," yule mtu akasema. Akaingiza mkono chini ya taya la mnyama, akakigeuza kichwa polepole kukielekeza kwenye mwanga uliobaki.

Alikuwa Divota.

Si kwamba alifanana naye. Manyoya yaliishia shingoni, na juu yake ulikuwa uso wa Divota, na kope zake, na ule mdomo uliokuwa ukicheka muda mfupi tu uliopita juu ya kigoda. Midomo ikatikisika.

"Dada..."

Fiurenza alitaka kuuachia mguu. Vidole havikufunguka. Akainua macho amtazame mwenye rungu, na mwanga wa mwisho ukamwingia yule mtu chini ya kofia.

Mzee Orsantone.

Sasa alikuwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe, imara kama kijana. Na macho yake yalikuwa yamefumba. Alikuwa anapumua taratibu, kwa kina, kama mtu aliyelala usingizi mzuri.

Akageuza rungu, akamnyoshea upande wa mpini.

"Malizia," akasema usingizini.

Jinsi alivyopanda kilima Fiurenza hakuweza kueleza baadaye. Alikumbuka matawi yakimchapa usoni, na veli imemzunguka shingoni, na kokwa zikidondoka nyuma yake, tak, tak, tak, kama mtu anayemfuata bila haraka. Alifungua mlango wa jikoni kwa bega.

Kila kitu kilikuwa vilevile. Chungu. Moto. Mzee kitini, kofia kwenye nyusi, blanketi magotini, viatu vya kitambaa vikavu kabisa.

Lakini Mattea sasa alikuwa amegeuka. Alikuwa amesimama, mwiko mkononi, anautazama mlango, kama mtu aliyekuwa akisubiri ufunguke.

Fiurenza akafungua mdomo. Kabla neno halijatoka, kelele zikapasuka kutoka ghorofani.

"Mama! Mguu wangu! Mamaaa!"

Walimkuta Divota sakafuni, kigoda kimepinduka, gauni la harusi limemfunika kama povu. Lisandru alikuwa amefika kabla yao, bado ana vumbi la kuni mikononi, anamwuliza umeanguka, umeanguka, naye anatikisa kichwa. Hakuanguka. Alikuwa amesimama tu. Mattea akalipandisha gauni. Kwenye paja, alama ya zambarau ilikuwa inakua huku wakiitazama. Pana. Ya mviringo.

Daktari alikuja kutoka mjini kwa gari lake dogo. Alibonyeza, akapinda goti, akasikiliza moyo. Mfupa mzima, alisema. Ameanguka huyu, hataki kusema kwa sababu ya harusi, nawajua maharusi. Akamchoma sindano. Lakini homa ilikuwa inapanda, na alipokuwa akifunga mkoba wake mzaha ulikuwa umemtoka. "Isiposhuka alfajiri, mleteni hospitali," alimwambia Lisandru. "Msingoje mchana."

Lisandru akabaki kitandani kwa Divota, amemshika mkono. Mattea akamshika Fiurenza kiwiko, akamvuta hadi kwenye chumba cha jibini, akafunga mlango. Palikuwa na baridi humo, na harufu ya maziwa yaliyochacha.

"Umeona nini kivukoni?"

"Mama Mattea, mimi..."

"Usinipotezee muda. Umemwona nani usoni?"

Fiurenza akalitamka jina la Divota. Mattea alifumba macho, akashika rafu.

"Alikuwa amekufa?"

"Nini?"

"Yule mnyama! Alikuwa amekufa au alikuwa anapumua?"

"Anapumua. Alimpiga mguuni tu. Halafu akataka mimi..."

"Anapumua." Mattea akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa. "Mungu wangu. Anapumua."

Huku kwetu kila mtu amesikia habari za mazzeri, watu wanaowinda usingizini. Mwili hubaki kitandani, na kitu kingine huamka na kushuka mtoni. Hupiga mnyama wa kwanza anayepita, kisha humgeuza na kumtambua. Ni jirani. Ni ndugu. Mnyama akifa pale pale, mwenye uso ule hamalizi mwaka. Akijeruhiwa tu, mtu huugua, na anaweza kupona. Wenyewe hawana chuki na yeyote. Hawachagui. Watoto wa Bastia huambiwa habari hizi wakati wa baridi ili wacheke, na Fiurenza alikuwa amecheka kama wenzake.

"Baba mkwe wangu ni mmoja wao tangu ujana," Mattea alinong'ona. "Kijiji kizima kinajua. Hakuna anayesema. Lakini tangu kiangazi alikuwa akiamka analia kama mtoto. Anasema, Mattea, kuna mnyama ananijia, bado yuko ng'ambo ya maji, sitaki avuke, sitaki kumwona uso. Ningeuliza nini tena? Ndani ya nyumba hii kuna nani wa kumliza?"

"Na mimi nimeingiaje humo?"

Mattea akafuta mikono kwenye aproni.

"Mama Mattea. Wewe ndiye uliyeniambia niitandaze veli kule."

Upande wa pili wa ukuta, chungu kilikuwa kinatokota.

"Kazi ile haimwachii mtu mpaka atokee wa kuipokea," Mattea alisema mwishoni. "Na haipokelewi na kila mtu. Lazima awe mtu ambaye ubatizo wake una tundu. Neno lililorukwa."

Fiurenza akahisi baridi ya kile chumba ikimpanda miguuni. Siku aliyofika, mezani, alikuwa amewachekesha kwa kisa cha ubatizo wake: padri mwenye mafua, mama wa ubatizo aliyesahau nusu ya sala akairuka, na baba yake aliyesema haidhuru, mtoto ni mdogo, sala ndogo inamtosha. Divota alicheka hadi machozi. Na kwenye kiti karibu na moto, Mzee Orsantone, ambaye hakuwa amefumbua macho tangu asubuhi, aliyafumbua.

"Nilijileta mwenyewe," Fiurenza akasema.

"Ulijileta. Na mimi nina binti mmoja." Mattea alimtazama usoni, bila kuomba radhi. "Nichukie kesho. Sasa nisaidie. Huyu mzee akilala tena, atarudi pale pale kuimaliza kazi. Asilale. Mpaka homa ishuke, asilale hata kidogo."

Mzee walimkuta macho tayari. Aliwatazama wakija, na kabla hawajasema alinyosha mikono yake miwili.

"Nimemwona," akasema. "Nipeni kahawa. Nipigeni makofi nikisinzia. Piga kweli, Mattea, usinionee huruma."

Wakaanza. Kahawa nyeusi, kikombe baada ya kikombe. Kitambaa cha maji ya baridi shingoni. Mattea alimwuliza majina ya mbuzi aliowafuga zamani, na mzee akayataja mmoja mmoja, na tabia zao, na nani aliliwa na mbwa. Akiishiwa majina, anaimba. Sauti ikilegea, Mattea anamfinya. Juu, mbao zililia kila Lisandru alipoinuka kubadilisha kitambaa cha Divota. Mara moja moja alishuka ngazini na beseni, uso umepauka, hata yale masikio yamepauka.

"Bado inapanda," anasema. "Mnamfanyia nini babu? Mlazeni jamani, mzee wa watu."

"Hataki kulala," Mattea anajibu. "Ana wasiwasi na mjukuu wake. Rudi juu."

Mattea alileta sahani ya maji, akadondosha mafuta ya zeituni kwa kidole, akinong'ona sala ya kufukuza mabaya ambayo mama yake alimrithisha usiku wa Noeli. Matone yalipaswa kukaa pamoja. Yakakimbiana, yakashika ukingo wa sahani. Akayamwaga, akarudia. Yakakimbiana tena.

Mattea alipoinuka kwenda kuongeza kuni, mzee alimwita Fiurenza kwa kidole. Mdomo wake ulinuka kahawa, na kwa nyuma yake, kwa mbali... manyoya mabichi.

"Usinichukie."

"Unawinda mtoto wa mwanao, mzee."

"Nilimshika huyo hana jino hata moja. Alikuwa analalia hapa." Akagusa kifua. "Unadhani mkono unaniuliza? Mkono hauulizi, binti. Utaona."

"Sitaona chochote. Kesho naondoka."

Alimtazama kwa huruma iliyomtisha kuliko rungu. Halafu akamvuta karibu zaidi, na sauti ikawa pumzi tu.

"Sikiliza. Ukiwa kule... ukisikia kitu kizito kinakuja nyuma yake kwenye kangaga, achana na mdogo. Piga hicho kizito. Usikitazame kwanza. Ukikitazama hutapiga."

"Kitu gani?"

Lakini Mattea alikuwa amerudi na kuni, na mzee akaanza tena, kwa sauti kubwa, habari za mbuzi.

Fiurenza akasogeza kiti karibu na moto. Alikuwa ameamka na jogoo siku hiyo. Alikuwa amefua, ameshona, amekimbia. Mzee alikuwa anasema kuhusu mbuzi mmoja mweusi aliyependa kupanda juu ya paa. Kokwa zilikuwa zinadondoka juu ya vigae. Tak... tak...

Wote walikuwa wanamlinda mzee asilale.

Hakuna aliyekuwa anamlinda Fiurenza.

Maji yalikuwa ya baridi hadi kwenye vifundo. Alijua mara moja yuko wapi. Hakushangaa, na hilo ndilo lilimwogopesha. Mwanga haukuwa wa jua wala wa mwezi. Aliona kila jani la kangaga, kila mshipa wa kila jani. Alisikia kila kiumbe kinachopumua kwenye vichaka. Na mkononi mwake palikuwa na uzito aliouzoea, kana kwamba alizaliwa nao.

Rungu.

Jike lilikuwa linavuka kwa kuchechemea, mguu mmoja wa nyuma ukiburuta majini. Halikumkimbia. Lilimjia.

"Nenda," Fiurenza akasema. "Rudi! Rudi ng'ambo!"

Linakuja.

Mkono wake ukaanza kupanda.

Aliukataa. Aliushika kwa mkono wa pili, akauvuta chini kwa uzito wa mwili wote. Mkono ulipanda tu, taratibu, bila hasira, kama unavyopanda mkono wa mtu anayetaka kuning'iniza nguo kwenye kamba. Jike lilisimama mbele yake, likainamisha kichwa. Likasubiri.

"Divota, kimbia! Kimbia, mdogo wangu..."

Rungu lilikuwa limefika juu kabisa.

Ndipo kangaga zikavunjika.

Kitu kizito. Kinakuja mbio kutoka ng'ambo, kinapasua maji, kinakoroma. Dume zee, kijivu, manyoya ya mgongo yamesimama. Halikumshambulia. Lilijitupa katikati yao, likamsukuma jike kwa bega hadi likaanguka ukingoni, kisha likatulia. Ubavu wazi. Shingo imenyoshwa.

Usikitazame kwanza.

Fiurenza akafumba macho, na mkono ukashuka.

Alisikia mfupa. Alihisi pumzi ya mwisho ikimgonga magotini, ya moto, kisha hakuna. Na vidole vyake, ambavyo havikuwa tena vyake, viliingia chini ya taya, vikageuza kichwa.

Mzee Orsantone alikuwa anamtazama. Safari hii macho yake yalikuwa wazi. Wazi kabisa, maangavu, kama ya kijana.

"Fiurenza! Fiurenza, amka!"

Madirisha yalikuwa ya kijivu. Mattea alikuwa anamtikisa kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa bado umemshika mzee, vidole vimefumana. Mzee alikuwa kitini, kichwa kimeegemea pembeni, macho wazi.

"Hakulala," Mattea alikuwa anasema, anarudia, machozi yanashuka hadi kidevuni. "Naapa hakulala. Alikuwa ananisimulia harusi yangu, jinsi mume wangu alivyovaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia. Anacheka. Halafu akanyamaza, akasema, 'Haya, naenda.' Hivyo tu. Naenda. Nilikuwa nimemshika mkono, Fiurenza! Alikuwa macho!"

Ngazi zikalia. Lisandru alisimama mlangoni, nywele zimesimama, analia na kucheka kwa pamoja, bado hajamwona mzee.

"Imeshuka! Amelowa jasho, anaomba mkate na jibini, ananitukana... Imeshuka!"

Walimzika mzee kabla ya harusi, na harusi haikuahirishwa, kwa kuwa mwenyewe alishasema zamani kwamba akifa wasithubutu kumwaga divai. Hapakuwa na muziki. Padri alizungumza kwa upole. Divota aliingia kanisani akichechemea, amemwegemea Lisandru, na kila aliyemtazama alisema gauni lile lilikuwa kama limemwotea mwilini. Alipombusu Fiurenza mlangoni, alimnong'oneza: "Niliota ajabu wakati ule wa homa, dada. Niliota wewe unanifukuza, unaniambia nikimbie. Nilikukosea nini?" Akacheka.

Fiurenza akacheka naye.

Mattea alimfungia jibini na soseji za moshi, akaziweka mwenyewe kwenye gari. Hakumkumbatia. Alisimama hatua kadhaa kutoka kwake, mikono chini ya aproni, na Fiurenza akaona kwamba mwanamke yule, aliyeishi na Orsantone miaka yote ile, alikuwa anamwogopa yeye.

"Alinipa kazi yake," Fiurenza akasema, "au alinunua roho ya mjukuu wake kupitia kwangu? Alijua yeye mwenyewe atakuja pale. Alijua tangu mwanzo. Alimpiga Divota mguuni tu ili mimi..."

"Sijui, mwanangu."

"Unajua."

"Sijui. Na wewe hutajua." Mattea akavuta pumzi. "Nitakuombea kila siku ya maisha yangu. Lakini usirudi hapa kulala. Nakuomba. Usilale tena karibu na watu wangu."

Huko Bastia alimwendea padri, akamweleza nusu ya habari, akaomba yale maneno yaliyorukwa yasomwe. Padri alikuwa kijana mwema. Aliyasoma yote, akammwagia maji, hakumcheka. Fiurenza alitoka kanisani amelowa nywele, mwepesi. Wiki nyingi alilala vizuri.

Kisha majira ya baridi yakaingia, na alfajiri moja akaamka akiwa na miguu ya barafu hadi kwenye vifundo.

Safari hii hapakuwa na kitu kizito kilichokuja nyuma. Paa mdogo tu, mwekundu, aliyeinama kunywa maji. Rungu lilishuka, naye akafa pale pale. Fiurenza alikigeuza kichwa akiwa analia, na alipouona uso, Mungu amsamehe, alishukuru. Msichana mwenye kidoti juu ya mdomo. Hamjui. Hajawahi kumwona. Kisiwa ni kikubwa. Huenda hata si wa kisiwa hiki, alijiambia, akaenda kuosha uso.

Kengele ya mlango wa duka ililia wiki ya kabla ya Kwaresima. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya meza, anaokota vifungo.

"Mambo, fundi? Tumeelekezwa hapa. Wanasema mkono wako mwepesi kuliko wote Bastia."

Akainuka.

Mama mnene mwenye koti la manyoya bandia. Na nyuma yake, akigusa vitambaa kwa ncha za vidole, msichana. Alikuwa anatabasamu. Kidoti kilipanda pamoja na mdomo.

"Harusi lini?" Fiurenza aliuliza.

"Mwakani, Septemba," mama akajibu. "Joto likipungua. Hatuna haraka."

Fiurenza alichukua utepe wa kupimia. Akauzungusha kifuani kwa msichana, akasubiri, na kifua kikajaa, kikashuka, kikajaa. Pumzi ya vuguvugu ilimgusa paji la uso.

"Msingoje Septemba," akasema.

"Kwa nini?"

"Oaneni Pasaka hii."

"Pasaka!" Msichana akaangua kicheko. "Mama, huyu fundi ana haraka kuliko bwana harusi! Gauni litawahi wapi?"

"Litawahi."

"Na tukiwa na haraka namna hiyo watu si watasema nina mimba?"

"Waache waseme. Unampenda?"

Msichana akaacha kucheka. Akamtazama fundi aliyepiga magoti mbele yake, utepe umemnyong'onyea mkononi, na kitu fulani kikapita usoni mwake, kama mtu anayejaribu kukumbuka walikutana wapi.

"Nampenda sana," akasema polepole.

"Basi oaneni sasa."

Walipoondoka, wakibishana njia nzima, Fiurenza alifunga duka na kuteremsha pazia. Akatandaza hariri nyeupe mezani, akanoa mkasi. Alikata akiwa amesimama. Alishona pindo akiwa amesimama, ameegemea ukuta, taa zote zimewashwa, kahawa imepoa kando yake, na kila kichwa kilipomwinamia kifuani alijichoma pini kiganjani, akaendelea.